Mama Kokoto Bado Anapima

Paukwa!

— Pakawa!

Sufuria?

— Ya mgombea!

Harufu?

— Ya mpiga kura!

Sauti ndogo hiyo, mtu atafikiri mmeshakula. Tena! Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sogeeni huku kwenye kivuli cha jukwaa. Tumeambiwa helikopta ya mheshimiwa iko njiani. Tuliambiwa hivyo saa tatu, tukaambiwa tena saa sita, na sasa viazi vyangu vya karai vimekwisha na yeye bado yuko njiani. Sijui huko angani kuna foleni gani. Basi nitawapa hadithi. Wewe Ndurya, uliyevaa kofia mbili za wagombea wawili, vua moja usikie vizuri.

Hapo kale wanyama walikuwa na kaunti yao, ikiitwa Kaunti ya Mwambani. Katikati ya tambarare palikuwa na mwamba mkubwa. Chini ya mwamba palikuwa na chemchemi moja, hakuna nyingine. Na kando ya chemchemi palikuwa na jiwe bapa. Jiwe hilo ndilo Kiti. Aliyekalia Kiti ndiye gavana, na gavana ndiye aliyesema nani anywe kwanza, nani anywe baadaye, na nani akalambe umande. Hakuwa na kazi nyingine. Gavana Nyati alikaa mihula miwili, na siku ya kuondoka akaondoka na ndoo.

Kiti kikabaki kitupu, na ulikuwa mwaka wa kiangazi. Wakasimama wawili.

Mnajua lugha yetu ilivyo. Anayetaka kukaa husema anasimama. "Mwaka huu nasimama!" Anasimama wapi, na anachokitaka ni kiti? Lakini tuendelee.

Wa kwanza alikuwa Bi Kiboko, mwanamke mkubwa, mweusi, ngozi laini. Wa pili alikuwa Fisi, jina lake Kingugwa. Kingugwa alikuwa na shingo nene, meno ya kuvunja nyundo, na mgongo ulionyooka kama meza. Ndiyo, siku hizo mgongo wa fisi ulikuwa umenyooka. Mnanikatiza kwa nini? Tutafika.

Kingugwa akaenda kuomba kura. Chwata, chwata, chwata, mpaka kwa Swala.

"Swala, hamjambo?"

"Hatujambo, mheshimiwa."

"Msimamo wangu ni majani. Majani kwa wote! Nyama mimi niliacha, inanipandisha presha. Nisimame, nisisimame?"

"Simama!"

Akawagawia fulana. Chwata, chwata, chwata, mpaka kwa Tai.

"Tai, hamjambo?"

"Hatujambo, mheshimiwa."

"Msimamo wangu ni nyama. Nyama kwa wote! Nisimame, nisisimame?"

"Simama!"

Akawagawia kofia. Chwata, chwata, chwata, mpaka kwa Nyani.

"Nyani, hamjambo?"

"Hatujambo, leta."

Nyani hawana haya. Akawaambia msimamo wake ni mahindi, akawapa fulana na kofia na pakiti ya biskuti, wakasema simama, simama hata juu ya kichwa ukitaka. Na kila alikopita aliimba wimbo. Mimi nitaimba, nyinyi mtaitikia kama ilivyokuwa. Kingugwa!

— Juu!

Kingugwa!

— Juu, juu!

Mko nyuma yangu?

— Tuko nyuma yakooo!

Vizuri. Huo wimbo uwekeni karibu, tutautumia.

Sasa, huko juu mwambani, kwenye ufa mmoja juu ya chemchemi, alikaa Pimbi. Pimbi mnamjua. Ni mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia, na hata nyinyi mkitaka kumtukana mtu mfupi mnamwita pimbi. Huyu alikuwa mama mwenye watoto watatu: Kokoto, Changarawe, na wa mwisho aliyeitwa Vumbi. Watu walimwita Mama Kokoto. Hakuwa na mume. Alikuwa naye, lakini uchaguzi uliopita Baba Kokoto aliondoka na Kingugwa kwenda kukagua viwanja vya bure huko tambarare. Walikwenda wawili, akarudi mmoja, akiwa ameshiba.

"Shemeji, mumeo alipapenda sana kule," Kingugwa alimwambia, akichokonoa meno. "Amekataa kurudi."

Mama Kokoto alilia siku saba. Siku ya nane alikauka machozi, na tangu hapo hakulia tena wala hakusahau.

Basi aliposikia wagombea wanapita, wenzake wakipokea fulana, yeye alishuka kwenda kuuliza maswali. Katika kaunti nzima aliyeuliza ni yeye peke yake. Alianza kwa Bi Kiboko.

"Bi Kiboko, shikamoo."

"Marahaba. Unataka fulana? Saizi yako sina."

"Nataka kujua msimamo wako kuhusu chemchemi."

"Nitaipanua," akasema Bi Kiboko. "Iwe bwawa. Kisha nitalala ndani."

"Na sisi?"

"Mtakunywa pembeni."

"Na haja yako, dada, utakuwa ukiendea wapi?"

Bi Kiboko akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Humo humo. Haja ya kiboko haiendewi, huja yenyewe."

Na kama kutia sahihi, akatikisa mkia, pwata, pwata, pwata! Mama Kokoto akarudi mwambani akijipangusa uso. Akasema moyoni, huyu angalau ni mkweli.

Akaenda kwa Kingugwa.

"Mheshimiwa, msimamo wako kuhusu chemchemi ni upi?"

"Wewe wataka upi, shemeji?"

"Nauliza wako."

"Nami nauliza wako, ndio niutangaze kuwa wangu. Hiiii-hi-hi!" Fisi akacheka, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Chemchemi nitaizungushia ukuta. Mlango utakuwa mmoja, mdogo. Kila mtu ataingia peke yake, kwa utaratibu, na watoto wataachwa nje kwa usalama wao. Nitawalinda mwenyewe. Na nyinyi mapimbi mmeteseka sana kwenye nyufa. Nitawahamishia tambarare. Nyumba bora, sehemu wazi, hakuna hata jiwe."

"Hakuna hata jiwe?"

"Hata moja. Karibu na kwangu."

Pimbi pasipo mwamba ni nini? Ni kitoweo kinachotembea. Mama Kokoto akashukuru kwa adabu, akapanda kwake, akawahesabu watoto wake mara mbili.

Hapo ndipo mahali pagumu, jamani, na msinicheke. Mkononi ana kura moja. Mmoja atakula watoto wake, mwingine atakunya kwenye maji yao. Mngefanyaje? Ndurya, wewe ungechukua kofia zote mbili, hilo tunalijua. Lakini Mama Kokoto hakutaka kofia, alitaka watoto wake wafike msimu wa mvua.

Akaokota mawe mawili madogo. Moja akaliita Kingugwa, jingine Bi Kiboko. Akakaa juani, jiwe mkono huu, jiwe mkono huu, akayainua na kuyashusha. Majirani wakapita wakimcheka.

"We Pimbi, unapima nini?"

"Napima misimamo."

"Umeamua?"

"Bado napima."

Siku ya uchaguzi ikafika. Kule hakukuwa na karatasi wala sanduku. Walipiga kura kwa mlolongo, kama ilivyowahi kupigwa hapa kwetu: mgombea anasimama mbele, anayemtaka anapanga foleni nyuma yake, na watu wanahesabiwa kwa vichwa. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Kobe. Kobe alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia upande wowote.

Kobe akasoma sheria ya mababu, neno moja, pumzi moja.

"Mgombea... asimame. Asiketi. Asigeuke nyuma... kutisha watu. Asiondoke. Mpaka mpiga kura wa mwisho... awe kwenye mlolongo. Atakayekaa kabla ya Kiti... Kiti hana."

"Upesi, mzee," akasema Kingugwa. "Kusimama ni kazi yangu."

Wakasimama, Kingugwa huku na Bi Kiboko kule, nyuso kwenye tambarare, migongo kwenye chemchemi. Wanyama wakajipanga nyuma yao. Swala wenye fulana, Tai wenye kofia na Nyani wenye kila kitu wakamfuata Kingugwa. Nguruwe, Bata na Vyura wakamfuata Bi Kiboko. Milolongo ikalala sambamba kama reli, na ncha zikatoshana. Kichwa kwa kichwa, sawasawa.

"Amebaki... mmoja," akasema Kobe.

Wote wakainua macho juu ya mwamba. Mama Kokoto amekaa juani, watoto watatu ubavuni, mawe mawili mikononi.

"Mama Kokoto! Umeamua?"

"Bado napima."

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka.

"Shuka, shemeji!" Kingugwa akaita bila kugeuka. "Nimekuwekea sabuni na unga!"

"Ahsante, shemeji. Napima na hivyo pia."

Jua likapanda. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamesimama wakigusana, na watu wakigusana kwenye foleni huzungumza. Hiyo ndiyo hatari ya mlolongo, ambayo Kingugwa hakuifikiria. Alipokuwa akizunguka alimwambia kila mtu neno lake kwake. Sasa wote wako pamoja.

Swala akageuka kwa Tai aliyekuwa nyuma yake.

"Jirani, wewe uliahidiwa nini?"

"Nyama. Na wewe?"

"Majani." Swala akafikiri kidogo. "Nyama ya nani?"

Tai akaangalia pembeni. Ni ndege mwenye aibu pale anapokuwa na njaa. "Hatukuingia kwa undani," akasema.

Swala akahisi fulana imembana shingoni. Akainua macho kwa Mama Kokoto. Mama Kokoto akakohoa.

"Mzee Kobe! Samahani, nina swali la sheria. Mgombea asiketi, asigeuke, asiondoke. Nimesikia. Mpiga kura je?"

Kobe akarudia sheria yote kichwani, na hiyo peke yake ikachukua muda wa kupika maharagwe.

"Mpiga kura... hakuandikwa."

"Kwa hiyo akiwa na kiu?"

"Hakuandikwa."

"Na pale kwenye Kiti kuna mtu wa kumkataza?"

Kobe akatazama jiwe bapa. "Kitupu."

Hapo Swala wa mwisho akatoka kwenye foleni, taratibu, kwato juujuu. Akaenda kwenye chemchemi akanywa. Gu-gu-gu-gu. Hakuna aliyemzuia. Tangu Nyati akalie Kiti, Swala huyu hakuwahi kunywa akashiba. Akanywa mpaka masikio yakatoa jasho. Akafuata mwingine, na mwingine, na Vyura, na Bata, na Nyani wakiwa na chupa. Foleni zikaisha kutoka nyuma kwenda mbele, kama muwa unavyoliwa.

Kingugwa akasikia kelele za maji, akatilia shaka. Akaimba. Haya, itikieni, lakini mdomoni mna maji! Kingugwa!

— Jughuu!

Kingugwa!

— Jughu, jughuu!

Mko nyuma yangu?

— Tugho nyugha yagho!

"Watu wangu wana hisia kali leo," Kingugwa akasema. "Wengine wanalia kabisa."

Jua likatua, likachomoza. Mama Kokoto, umeamua? Bado napima. Siku ya pili ikawa kali zaidi. Ngozi ya Bi Kiboko haikuumbwa kwa jua, ikaanza kupasuka. Akatoka jasho, na jasho lenyewe jekundu, likimtiririka mgongoni mpaka ubavuni. Mkienda kumwangalia hata leo mtaliona, hajapona. Saa sita mchana akavuta pumzi, bwaaah!

"Kiti gani hiki kinachokataa kukaliwa?" akasema. "Mto uko nyuma ya vilima saba, na mto haunihoji."

Akaondoka moja kwa moja mbele, hata hakugeuka. Pwata, pwata, pwata, akapotea.

Hapo Kingugwa akacheka kicheko ambacho mpaka leo fisi wanakirithishana. "Hiii-hi-hi! Nimepita bila kupingwa! Kobe, nipeleke nikakae!"

Mama Kokoto hilo hakulitegemea. Amebaki mmoja, na huyo mmoja ndiye. Akawavuta watoto karibu, Vumbi akamwuliza mbona anatetemeka, akasema ni upepo. Upepo haukuwapo.

Kobe akatoa kichwa. "Sheria... haikuhesabu wagombea. Imemtaja mpiga kura wa mwisho. Yuko... wapi?"

"Juu!" wakaitikia wote kutoka kwenye maji.

"Bado... anapima."

Mama Kokoto akashusha pumzi. Kumbe mtu anaweza kumpenda Kobe.

Siku ya tatu. Miguu ya mbele ya Kingugwa, yenye nguvu za kuburuta mizoga, ilikuwa bado imara. Ya nyuma ikaanza. Tetetete. Ikapinda kidogo. Akainyoosha. Ikapinda tena. Makalio yanaitamani ardhi, kichwa kinakataa.

"Mzee Kobe!" Nyani akapiga kelele. "Anakaa!"

"Sikai! Najinyoosha!"

Kobe akazunguka kwenda kuangalia. Hiyo ilikuwa safari. Akapitisha unyasi chini ya makalio ya mheshimiwa, unyasi ukapita.

"Mbele... amesimama. Nyuma... hajakaa. Anaelekea."

"Shemeji!" Kingugwa akalia sasa, bila wimbo. "Sema unachotaka! Mhame, msihame? Ukuta, hakuna ukuta? Msimamo wangu ni wako, wote, uchukue, ila shuka!"

"Nataka kujua jambo moja tu," akasema Mama Kokoto. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini watu waliacha kunywa. "Baba Kokoto alisema nini mwisho?"

Kingugwa akalamba midomo.

"Alisema... alisema unipigie kura," akasema.

Mama Kokoto akafumba macho, kisha akafumbua. Yale mawe mawili alikuwa ameyashika siku tatu usiku na mchana, na alipochoka aliyabana kwapani. Yalikuwa ya moto, tena yananuka pimbi kuliko pimbi mwenyewe. Akalichagua lile aliloliita Kingugwa.

"Basi nimeamua!" akapaza sauti. "Nakuja kwenye mlolongo wako, shemeji. Nakuja na wanangu wote watatu. Wamenona. Tutasimama karibu kabisa na wewe, hapo nyuma ya mkia. Usigeuke tu."

Watoto wakamtazama mama yao kama amerukwa na akili. Akawaonyesha kidole, tulieni. Kisha akapiga mwamba kwa mikono, tip, tip, tip, kama mtu anashuka. Tip, tip, tip. Akarusha jiwe. Tup! Likaanguka nyuma kabisa ya mkia wa Kingugwa.

Upepo ukapuliza kidogo. Harufu ikafika puani.

Jamani, siku tatu! Siku tatu fisi hajatia kitu kinywani, na nyama yote ya kaunti ilikuwa nyuma yake asiruhusiwe hata kuitazama. Puani: pimbi. Tena mnono. Tena karibu. Upande mmoja Kiti, upande mmoja kitoweo, na wahenga walishasema njia mbili zilimshinda fisi. Akajizuia. Akajizuia tena. Mate yakadondoka, to, to, to. Akasema moyoni, nageuka kidogo tu, nani ataona?

Akageuka. Kwap! Kacha!

Kwap ni mdomo, kacha ni meno.

Akatema jiwe na vipande vya meno, akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya uchaguzi akawaona wapiga kura wake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Foleni haikuwapo, hata moja. Wote walikuwa kwenye chemchemi, matumbo yamejaa kama mitungi, fulana za kampeni zimetandazwa kwenye nyasi na watoto wanazilalia. Wakampungia mkono.

"Tuko nyuma yakooo!"

Kobe akafika baada ya muda. "Amegeuka," akasema. Na hilo alilisema kwa haraka, neno moja, bila kupumzika. Watu wakashangaa.

"Nilikuwa naangalia hali ya wananchi!" Kingugwa akasema, akipeperusha makombo ya meno.

Mama Kokoto akasimama ukingoni mwa mwamba. Mkononi alikuwa bado na lile jiwe la pili.

"Hilo ulilouma lilikuwa la kumlipia Baba Kokoto," akasema. "Hili nimekuwekea, kama utasimama tena."

Kingugwa akataka kujibu kwa heshima ya mtu mkubwa, akajaribu kusimama wima. Mbele kukasimama. Nyuma kukakataa. Akajaribu kukaa, nyuma kukashuka, mbele kukakataa. Basi akaondoka hivyo hivyo, mabega juu, makalio chini, chwata, chwata, chwata, nusu anasimama nusu anakaa. Na mgongo wa fisi umekaa hivyo mpaka leo. Mkimwona msimcheke, yule ni mgombea.

Wakasema, sasa Kiti ni cha nani? Kobe akasema hawezi kutangaza mpaka ahesabu. Amefika kumi na saba. Mpaka leo yuko kumi na saba, kwa sababu mtu akimsalimia lazima aanze upya. Na wanyama wakawa wanakunywa kila mtu akiwa na kiu, jambo ambalo wataalamu walisema haliwezekani.

Na lile jiwe bapa? Nendeni mkaangalie saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda vizuri. Mtamkuta Mama Kokoto amelala juu yake kifudifudi, na watoto watatu mgongoni. Hakuna aliyempigia kura. Mkimwuliza, mama, wewe ndiye gavana? atawajibu, mimi? Mimi bado napima.

Basi fundisho la hadithi hii, na andikeni, hasa wenye kofia: raia mwema huamua mapema. Hachelewi foleni, hahoji waheshimiwa, hapimi pimi mambo mpaka wazee wa watu wanasimama juani. Tazameni hasara aliyoleta yule mama! Kaunti nzima ikakosa gavana, ikabaki na maji tu. Ndurya, unacheka nini? Umevua kofia zote mbili? Haya, ni joto, sawa, sitauliza.

Hadithi yangu nimeipika, nimeipakua, sufuria ni hii. Aliyeshiba asiseme kwa mgombea, na aliyebaki na njaa akamwulize Kobe. Paukwa?

— Pakawa!

Kimya. Mnasikia? Dugu-dugu-dugu-dugu. Ndiyo hiyo, inatoka upande wa barabara kuu. Shikeni shuka zenu, vumbi linakuja. Lo, mbona mnainuka nyote? Kaeni. Kaeni chini, jamani. Anayesimama ni yeye.